Neno "charge" na mizigo yake

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza neno moja la Kiingereza, "charge", kila mmoja kwa upande wake: mfasiri, muuguzi, mwanafunzi wa fizikia, mzee msoma Biblia, karani, mlezi na kocha. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa na mwingine. Wanaonisoma kwa mara ya kwanza wajue tu kwamba kabla ya kuandika safu hii nilikuwa mkalimani mahakamani kwa miaka mingi, na neno hili nimelala nalo na kuamka nalo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri, bado mchanga katika kazi. Nilipewa habari fupi yenye sentensi hii: "She was charged with looking after the orphans." Nikaandika: "Alishtakiwa kwa kuwatunza yatima." Mhariri amenirudishia kazi, kaizungushia sentensi duara jekundu, hakueleza kitu. Kamusi yangu inasema "charge" ni kushtaki. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Sentensi yako inasema "Alikabidhiwa jukumu la kuwatunza yatima." Mama wa watu hana kesi yoyote, amepewa dhamana.

Ili lisikusumbue tena, lifuate neno hili mpaka kwao. Lilianzia kwenye gari la kukokotwa. Wagalli, wakazi wa Ufaransa ya leo kabla ya utawala wa Rumi, walikuwa na magari ya magurudumu, na jina la gari hilo Warumi walilichukua wakalitamka "carrus". Kilatini cha baadaye kikaunda kitenzi "carricare", yaani kupakia gari mzigo. Kifaransa cha kale kikalikata na kulilainisha likawa "chargier". Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na ya mahakama, na ndani ya karne chache zilizofuata Kiingereza kikalimeza neno pamoja na maelfu ya mengine. Ndugu zake unawajua: "cargo" lililopitia Kihispania, "carry", "car", hata "caricature", ile michoro ya kukejeli ambayo Waitalia waliiita hivyo kwa kuwa mchoraji anazidishia sura ya mtu, anaipakia kupita kiasi.

Basi maana ya kwanza ni kutwika. Ukishalishika hilo, mengine yanafunguka. Mtu anatwikwa tuhuma, hapo ameshtakiwa. Anatwikwa kazi, hapo amekabidhiwa jukumu. Anatwikwa deni, hapo ametozwa. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba yote hayo, na usikitafute. Jiulize swali moja tu: ni nini kilichowekwa juu ya nani?

Tatizo lako wewe lilikuwa kwenye "charged with", kwa sababu Kiingereza hutumia maneno hayohayo mawili kwa mambo matatu. "Charged with theft", ameshtakiwa kwa wizi. "Charged with drafting the report", amepewa kazi ya kuandaa ripoti. "The room was charged with anger", chumba kilijaa hasira. Wapo watakaokwambia kwamba kikija kitenzi chenye "-ing" baada yake, basi ni jukumu. Usiwasikilize. "Charged with handling stolen goods" ina "-ing" na ni kosa la jinai, kupokea na kushughulikia mali ya wizi. Kinachoamua ni lile jambo lenyewe: je, sheria inalikataza? Tazama pia anayetwika. Polisi na waendesha mashtaka hutwika tuhuma. Bunge, bodi, waziri au mzazi hutwika kazi.

Na kwa kuwa unaandika habari, nakuomba jambo hili ulishike kwa mikono miwili. "Accused of" na "charged with" si kitu kimoja. Jirani anaweza kumtuhumu jirani yake kwa mdomo tu, hiyo ni "accused". "Charged" ni hatua rasmi: kuna hati ya mashtaka, kuna kosa lililotajwa kwa jina lake la kisheria, kuna tarehe. Vivyo hivyo "arrested" ni amekamatwa, "charged" ni ameshtakiwa, "convicted" ni ametiwa hatiani. Nimesoma habari nyingi za Kiswahili zilizotafsiriwa ambamo mtu aliyekamatwa tu jana leo anaitwa mwizi. Mtu huyo ana watoto wanaosoma magazeti.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Kwenye faili moja la mgonjwa nimeona "yellow discharge from the wound", na chini yake, tarehe nyingine, "discharged in good condition". Halafu kaka yangu kanionyesha barua ya kazi yenye "discharge your duties faithfully", yeye anasema maana yake ni kuacha kazi. Hili neno "discharge" lina maana ngapi?

JIBU: Nyingi, lakini zote zinatoka kwenye tendo moja: kutua. Kama "charge" ni kumtwika mtu mzigo, "discharge" ni kumtua.

Kidonda kinapotoa usaha au majimaji, mwili unatua kilichokuwa ndani. Kwenye faili andika kilivyo: usaha wa manjano, majimaji yenye damu, uchafu ukeni wenye harufu. "Discharge" peke yake haitaji rangi wala aina, na muuguzi wa zamu inayofuata anahitaji vyote viwili. Mgonjwa "discharged" ameruhusiwa kutoka hospitalini. Hospitali imetua dhamana ya kumtunza, imemrudisha kwa watu wake. Mwanajeshi "discharged" ameondolewa jeshini, kwa heshima au kwa fedheha kutegemea neno lililotangulia. Bunduki "discharged" imefyatuliwa. Betri ikiisha nguvu ni neno hilohilo, na mtaalamu wa mito anapopima "discharge" anahesabu mita za ujazo za maji yanayopita kila sekunde.

Kaka yako yuko hatarini kuelewa kinyume. "Discharge your duties" ni kutimiza majukumu yako. Kazi ni mzigo uliotwikwa. Unautua kwa kuufikisha, hujautupa njiani. Ndivyo ilivyo kwa deni pia: "discharge a debt" ni kulilipa mpaka likaisha. Mwajiri akimwambia "You are discharged", hapo kweli kafukuzwa. Tazama nani anatuliwa nini. Mtu akiitua kazi, ameitimiza. Mtu mwenyewe akituliwa kazi, ameondolewa.

Mahali ambapo neno hili limenipa jasho zaidi ni mahakamani. Upande wa mashtaka unaondoa kesi, labda mashahidi hawakutokea mara kadhaa, na hakimu anasema: "The accused is discharged." Maneno manne. Mkalimani ana pumzi moja ya kuchagua. Nakumbuka kijana mmoja kizimbani, mama yake benchi la nyuma ameshainua mikono kushukuru kabla sijafungua mdomo, maana sauti ya hakimu aliisoma usoni mwa wakili. Ningesema "umeachiwa huru", basi wote wawili wangekwenda nyumbani wakiamini kwamba jambo limekwisha. Lakini katika mahakama nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, "discharged" kwa namna ile si "acquitted". "Acquitted" ni kuonekana huna hatia, na kwa kawaida hushtakiwi tena kwa kosa lilelile. Aliyekuwa "discharged" baada ya kesi kuondolewa anaweza kurudishwa. Nikamwambia: "Mashtaka yameondolewa. Unaruhusiwa kwenda nyumbani sasa. Unaweza kushtakiwa tena kwa jambo hili." Maneno yamekuwa mengi kuliko ya hakimu, na ndivyo yalivyopaswa kuwa. Mama alishusha mikono, akamtazama wakili, wakili akaitikia kwa kichwa. Walitoka wakijua wanachokijua.

Uingereza kwenyewe iko na nyingine ya kukanganya zaidi, "absolute discharge": mtu ametiwa hatiani, lakini mahakama haimpi adhabu yoyote. Neno moja, hatima mbili. Ndiyo maana nasema kila siku kwamba mkalimani anayekimbilia neno moja kwa neno moja anaweza kumpoteza mtu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu wetu wa fizikia anasema elektroni ina chaji hasi. Nyumbani tunasema simu haina chaji. Je, simu ikiisha chaji maana yake elektroni zimekwisha? Na kwa nini ikaitwa chaji?

JIBU: Umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani, na jibu la kwanza ni hapana, elektroni hazikwishi. Kaa nami kidogo.

Zamani za gobori, askari alikuwa anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anatia risasi, anashindilia kwa ufito. Kile kipimo cha baruti kilichoshindiliwa kiliitwa "charge", mzigo wa bunduki. Mpaka leo baruti ya kupasulia mwamba huitwa hivyo, na bomu la kulipua nyambizi chini ya maji ni "depth charge". Katika miaka ya 1745 na 1746, watafiti wawili, Ewald von Kleist na Pieter van Musschenbroek, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba chupa ya glasi yenye maji na msumari inaweza kuhifadhi umeme, kisha ukiigusa ikakurushia kishindo. Chupa ile ikaitwa kwa jina la mji wa Leiden, alikokuwa Musschenbroek. Ukiitazama, inashindiliwa polepole, inanyamaza, kisha inalipuka ghafla. Haishangazi kwamba watu wakaisemea kwa maneno ya bunduki: kuipakia ni "charge", kuilipua ni "discharge".

Benjamin Franklin, Mmarekani, ndiye aliyeyasambaza maneno hayo kupitia barua zake alizomwandikia Peter Collinson wa London kuanzia mwaka 1747. Kwake pia tumepata chanya na hasi. Hata jina la betri alilitoa jeshini: "battery" ilikuwa safu ya mizinga iliyopangwa pamoja, naye akaliita hivyo kundi la chupa zilizounganishwa.

Franklin alisema kwamba kitu kilichopata umeme wa ziada ni chanya na kilichopungukiwa ni hasi. Upande upi una ziada hakuwa na njia ya kuuona, akachagua. Mwaka 1897 J. J. Thomson alipoithibitisha elektroni, ikaonekana kwamba hicho kinachotembea ndani ya waya kiko upande ulioitwa hasi. Ndiyo sababu kitabu chako kinachora mkondo wa umeme ukitoka chanya kwenda hasi, huku elektroni zikienda kinyume. Usikasirike na kitabu. Mpango ulishazoeleka kabla elektroni haijajulikana.

Sasa maana mbili zitenganishe. Chaji ya fizikia ni sifa ya kitu, kama vile tungamo lilivyo sifa. Kila elektroni ina kiasi kilekile, kulomu (kipimo cha chaji) 1.602 zidisha kwa kumi kwa kipeo cha hasi 19, haiongezeki wala haipungui, na huwezi kuiondoa ukabaki na elektroni. Chaji ya simu ni nishati iliyohifadhiwa. Betri ya simu iliyojaa na iliyokwisha zote mbili zina elektroni sawa, na kwa jumla hazina chaji ya kuelemea upande wowote. Unapochomeka waya, ayoni za lithiamu, yaani chembe zenye chaji, zinasukumwa kutoka upande mmoja wa betri, zinapita katikati, zinajipenyeza kwenye grafiti ya upande wa pili, na elektroni zinazunguka kwa nje kuzifuata huko. Hakuna kilichoongezwa, vilevile vilivyokuwemo vimehamishwa mahali ambapo vinatamani kurudi. Ni kama kupandisha maji kwenye tangi la juu: maji ni yaleyale, ila sasa yana uwezo wa kushuka. Ukiwasha simu, yanashuka.

Na hili litakufurahisha: Franklin aliliona kwenye chupa yake. Alieleza kwamba chupa ikishachajiwa haina umeme mwingi kuliko mwanzo, kwa kuwa kilichoongezeka ndani kimepungua nje. Kwa hiyo tangu miaka ya 1740 ilijulikana kwamba hapa neno "kupakia" halisemi sawasawa kinachotendeka, na bado tunalitumia.

Zoezi la kufanya wewe na wenzako: betri iliyoandikwa 5,000 mAh (miliampea-saa) ni ampea 5 kwa saa moja. Saa ina sekunde 3,600, na ampea moja ni kulomu moja kila sekunde. Zidisha. Utapata kulomu 18,000 zilizopita kwenye waya mpaka betri ikajaa. Zimepita, hazikubaki. Ukiweza kumweleza mwenzako tofauti ya "kupita" na "kubaki" hapo, umelielewa somo.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mzee, husoma Biblia ya Kiingereza ile ya zamani ili nisisahau lugha. Katika Mathayo 14:8 binti wa Herodia anaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji "in a charger". Mjukuu wangu aliuliza kama zamani zile kulikuwa na simu. Nilimjibu kwamba ni sahani, lakini sikuweza kumwambia kwa nini.

JIBU: Salaam, mzee wangu, na shikamoo. Umemjibu sawa. Biblia yetu ya Kiswahili inasema kombe, na ndilo lenyewe: sahani kubwa bapa. Tafsiri unayosoma ni ya mwaka 1611, na wakati ule "charger" ilikuwa sinia la kupakia nyama na kuipeleka mezani, chombo cha kubebea mzigo. Farasi wa vita naye aliitwa "charger". Kifaa cha simu kimechukua jina hilohilo kwa njia ya umeme niliyomweleza mwanafunzi hapo juu.

Kwa kuwa unayo Biblia hiyo mkononi, fungua pia 1 Timotheo 5:16. Paulo anataka mwenye wajane katika jamaa yake awasaidie mwenyewe, "and let not the church be charged". Mjukuu akisoma leo atadhani kanisa lisishtakiwe, au lisitozwe. Kisha mfungulie ya Kiswahili: kanisa lisilemewe. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kumwonyesha mtu maana ya asili ya neno hili, na wafasiri wetu waliuona.

SWALI: Mimi ni karani. Bosi wangu anataka nitofautishe "charge", "fee", "price" na "fare" kwenye nyaraka.

JIBU: "Price" ni bei ya bidhaa. "Fare" ni nauli. "Fee" ni ada ya mtaalamu au taasisi: wakili, daktari, shule, uanachama. "Charge" ni malipo ya huduma, hasa yale yanayoongezwa juu ya kitu kingine, kama gharama ya kufikisha mzigo au makato ya benki. "Free of charge" ni bure, usiizungushe. Angalia vihusishi tu: "charge him for it" ni mtoze malipo yake; "charge him with it" ni mshtaki; "charge it to him" ni liandike kwenye hesabu yake. Ukikosea hapo kwenye barua ya ofisi, umeitia ofisi matatani.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Ninalea watoto kwenye kituo. Mkataba wangu una "in charge of the children" ukurasa wa kwanza na "children in the charge of the caregiver" ukurasa wa pili. Wenzangu wanasema ni kitu kimoja na "the" ni pambo. Pia wamewaita watoto "your charges", neno ambalo liliniogopesha.

JIBU: Kazi njema, dada. "The" hapo si pambo hata kidogo. Anayekuwa "in charge" ndiye msimamizi. Anayekuwa "in the charge of" mwingine ndiye anayesimamiwa. "The nurse in charge of the child": muuguzi anamsimamia mtoto. "The child in the charge of the nurse": mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Mkataba wako unasema jambo lilelile kutoka pande mbili, na uko sawa. Lakini jaribu kuiondoa "the" kwenye ukurasa wa pili, "children in charge of the caregiver", uone: watoto wamekuwa mabosi wako.

Kiswahili cha kazini tayari kimelichukua hili. Tunasema "inchaji wa zamu" na kila mtu anajua ni nani wa kuulizwa. Mimi sina ugomvi nalo mdomoni. Kwenye maandishi napendelea "msimamizi" au "mkuu wa zamu", kwa sababu yanaeleweka hata kwa asiyewahi kufanya kazi ofisini.

Na "your charges" usiliogope. Ni watu uliokabidhiwa uwatunze. Mzigo hapa ni wa dhamana, ule ambao mtu anaubeba kifuani. "Watoto walio chini ya uangalizi wako" inatosha, na kama kituo kinataka tafsiri fupi waandike "watoto uliokabidhiwa". Neno "uliokabidhiwa" lizuie lisidondoke, maana ndani yake kuna aliyekupa na siku ya kukuuliza.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kocha wa vijana. Kwenye sheria za soka za Kiingereza nakuta "charges an opponent" kati ya makosa, halafu kwingine nasikia watangazaji wanasifu "a good shoulder charge". Ni kosa au si kosa? Na hii inahusiana vipi na mizigo?

JIBU: Nianze na la pili. Mbogo anapoinamisha kichwa na kukujia mbio, Mwingereza anasema "it charged". Askari farasi walipokimbiza farasi wao moja kwa moja kwa adui, neno ni hilohilo. Mshambuliaji anamtwika adui uzito wake wote. Kiswahili kina kukurupukia, kuvamia, kumwendea mtu mbio; chagua kulingana na mnyama au mtu.

Shambulio la namna hiyo linalotajwa kuliko yote lilitokea Balaclava, katika rasi ya Krimea, tarehe 25 Oktoba 1854, nalo nalitaja kwa sababu lilizaliwa na neno lisiloeleweka. Jenerali Raglan, kamanda wa jeshi la Uingereza, akiwa juu kilimani, aliona Warusi wakiondoa mizinga waliyoiteka. Akatuma agizo la maandishi: wapanda farasi wasonge mbele haraka, wamzuie adui asichukue mizinga. Ipi? Hakuandika. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, aliyelipokea alikuwa bondeni, hakuiona ile aliyoiona Raglan. Alipouliza, Kapteni Nolan aliyeleta agizo akanyoosha mkono kuelekea mbele, naye Lucan akaelewa kuwa ni mizinga ya Warusi mwishoni mwa bonde, yenye mingine pande zote mbili. Wapanda farasi wapatao 670 wakaingia humo. Zaidi ya 100 waliuawa, Nolan akiwa miongoni mwa wa kwanza. Katika agizo lote lile neno "charge" halimo. Lilikuja baadaye, katika kuusimulia msiba. Kilichoua ni "the guns", ambayo kwa aliyeandika ilikuwa dhahiri kabisa.

Turudi uwanjani. Katika sheria za soka "charge" ni kumkabili mpinzani kwa mwili, kwa kawaida kwa bega na sehemu ya juu ya mkono, mkono ukiwa umebanwa ubavuni. Kufanya hivyo kwenyewe si kosa, ndiyo maana unasikia likisifiwa mpira unapogombewa. Sheria ya 12 inalifanya kosa pale mchezaji anapolifanya kwa uzembe, kwa kutojali usalama wa mwenzake au kwa nguvu kupita kiasi. Ya uzembe ni mkwaju huru wa moja kwa moja bila kadi, ya kutojali inaongeza kadi ya njano, ya nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Kwa hiyo kwa vijana wako liite "kumkabili kwa bega", na neno "rafu" liweke pale tu sheria inapotaja moja kati ya hayo matatu.